Nukta Ambazo Hazikupimwa

Mpaka leo nikiikumbuka ofisi ya profesa wangu, damu hunichemka.

"Hizi nukta zote ni zero," aliniambia, akigonga skrini ya kompyuta. "Si unaona ni nyeusi? Space group iko wazi. Andika, tumalizane na hii thesis."

Nilikuwa nasomea shahada ya pili ya kemia, chuoni karibu na Kesses. Kutokana na magome ya mti ambayo mama alituchemshia tulipokuwa na homa, nilikuwa nimefanikiwa kukuza fuwele moja tu safi, ndogo kama punje ya chumvi. Nyingine zote zilipasuka. Hatukuwa na mashine ya kuipima, kwa hiyo niliituma ng'ambo, na fundi wa maabara ya huko akaipiga eksirei. Miale ikipita kwenye fuwele hutawanyika na kuwa maelfu ya nukta, na programu ya kompyuta huzichora kulingana na nguvu yake: zenye nguvu huwa nyeupe, dhaifu kijivu, sifuri nyeusi. Hapo ndipo unapojua molekuli zimejipanga vipi, yaani hiyo space group. Ila programu ile ilikuwa na ubaya mmoja: nukta ambayo haikupimwa kabisa, nayo iliichora nyeusi.

Picha yangu ilikuwa na pengo jeusi, kama chapati iliyokatwa robo. Profesa alilisoma pengo hilo kana kwamba sheria ya fuwele yenyewe ndiyo iliyozifanya nukta hizo sifuri. Mimi nilijua lilikotoka.

Wiki ya kupima ndiyo wiki kwetu Turbo kulipoungua. Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa, na kufikia kesho yake hatukuwa na nyumba. Mimi na mama tulilala kambini, kwenye uwanja wa maonyesho Eldoret, blanketi moja watu wawili. Siku hizo hizo fundi alikuwa ameniandikia barua pepe: fuwele inaanza kuharibika, nimebakiza robo, niendelee au nisimamishe? Saiba zote za intaneti mjini zilikuwa zimefungwa. Alingoja jibu, hakulipata, akasimamisha. Simlaumu hata kidogo.

Basi pale ofisini nikashika kipanya. Nikabofya nukta nyeusi nje ya pengo, ikatokea namba: sifuri. Nikabofya nyingine ndani ya pengo, pakabaki patupu.

"Prof, hapa si zero. Hapa hakuna kitu ilipimwa."

Alivua miwani, akaisogelea skrini. Kisha badala ya kukiri, akanigeuzia kibao. "Na wewe kwa nini hukumjibu huyo mtu? Wenzako si walimaliza?"

Wenzangu! Nilimwambia nilikuwa wapi, kila kitu, kwa sauti ya juu. Akanisogezea kitambaa cha karatasi, kana kwamba nalia.

Nilirudia hesabu kwa nukta zilizopimwa tu, na muundo ukatulia. Kwenye sura ya mbinu nikaandika kwamba robo ya vipimo ilikosekana kwa sababu nyumba ya mwenye fuwele ilichomwa Turbo, naye akawa kambini. Jioni hiyo nilimwambia mama kwamba habari ya nyumba yetu imo kwenye kitabu cha thesis yangu. Alifurahi sana.

Profesa aliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Juu yake akaandika: changamoto za mawasiliano.

"Hii ni science, si siasa. Wacha kufufua mambo. Ikibaki humo, mimi siweki sign."

Siasa! Nyumba ya mama yangu, sufuria zake, mahindi yake ya stoo, vyote siasa. Nilikaa na karatasi hizo wiki nzima nikimlaani. Halafu nikaketi, nikachapa changamoto za mawasiliano, kwa sababu niliihitaji shahada hiyo. Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe.

Siku ya mahafali mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Tuliporudi kwenye chumba tulichopanga, akakifuta kitabu kwa kanga, akakiweka mapajani mwangu.

"Nisomee hapo penye nyumba yetu."

Nilipekua kurasa, nikapekua tena. Nikamwambia imeandikwa kwa Kiingereza kigumu, hataelewa.