Kipande cha Chungwa

Nilimpiga picha msichana mmoja katika soko la mji wa Wote, akimlisha mpenzi wake kipande cha chungwa. Hawakuniona. Napenda picha za wapendanao wasiojua wanatazamwa, kwa hivyo niliiweka mtandaoni bila kuwauliza. Watu wakaisifu sana.

Jumapili iliyofuata, kanisani kwao, msichana alitolewa kwenye kwaya na kukalishwa kiti cha nyuma kwa miezi mitatu, adhabu ya picha hiyo. Mvulana je? Aliachwa aendelee kupiga kinanda, eti yeye alilishwa tu!

Damu ilinichemka. Nilimwendea mchungaji na simu mkononi. "Pasta, hii picha ina watu wawili!"

"Naona," akasema. "Na ni nani anamlisha mwenzake?"

Niliondoka bila kuaga, nikaenda kumwambia msichana jinsi nilivyomtetea. Nilimpata kwenye kibanda cha mama yake akipanga nyanya. Nilifoka, nikawatukana wazee wote wa kanisa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiendelea na nyanya.

"Na picha, umeitoa?" akauliza.

Sikuwa nimeitoa. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemshukuru mtu aliyeisifu.