Mkono wa Kushoto wa Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa dobi, na jina hilo wateja walimbandika mpaka likameza lile la kuzaliwa. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, kamba tatu za nguo na, nyuma ya mlango, upanga wa mbao. Upanga huo ulikuwa wake. Kwa miaka sita, kila Jumamosi alasiri, alikwenda ukumbini kujifunza kuutumia, na wanaume waliomcheka siku ya kwanza sasa walimpisha bila kuambiwa.

Mwalimu wa pale, seremala mstaafu, magoti yalikuwa yamemgomea. Siku moja akamwita pembeni.

"Darasa la wanaoanza nataka nikuachie wewe. Nikikosa wa kumwachia, nalifunga. Ila una mkono mmoja."

"Ninayo miwili, Mwalimu. Hesabu."

"Mmoja. Huo mwingine unausindikiza tu."

Akamweleza. Anayeanza humtazama aliye mbele yake kama anavyojitazama kwenye kioo. Yeye anainua wa kulia, kwa hiyo mwalimu ainue wa kushoto, la sivyo darasa zima linavurugika. Akampa miezi mitatu auzoeshe huo wa kushoto.

Lile darasa Mama Pasi alilitaka kufa na kupona. Lilikuwa na wanawake saba, akiwemo karani mmoja na bibi mwenye wajukuu, na alikuwa amewaona wakiingia wameinamisha vichwa na kutoka wamenyoosha migongo. Leo lifungwe kwa sababu ya mkono wake? Akapiga moyo konde.

Mkono wenyewe sasa! Ulikuwa umelelewa kivivu. Tangu utotoni alikatazwa kula nao, kusalimia nao, kumpa mtu kitu nao. Miaka arobaini ulikaa tu ubavuni kama shemeji aliyekuja kutembea akasahau kuondoka.

Kesho yake akahamishia pasi kushoto. Shati la kwanza lilikula muda wa mashati manne, na jioni alishindwa hata kuchana nywele. Mama yake mzazi, aliyekuwa akimkunjia nguo upande wa pili wa meza, hakuamini macho yake.

"Mwanangu, nguo za watu unazipiga kwa mkono huo?"

"Kupiga napiga kwa huu, mama. Kuwapa nitawapa kwa ule."

Wiki ya sita mkono ulikuwa na nguvu za kutosha, naye kichwa kikaanza kumvimba. Akaning'iniza kifungo cha shati kwa uzi kwenye fremu ya mlango, akajaribu kukigusa kwa ncha ya upanga bila kukitikisa. Kwa kulia, kifungo kilibaki kimetulia. Kwa kushoto, kiliruka hadi kikamgonga mama yake, aliyekuwa akiingia, kwenye paji la uso. Akajaribu tena na tena, wapi! Alirudi mezani na hasira zake, na kabla hajakaa sawa akaunguza kola ya shati la mteja. Hapo machozi yalimtoka.

Mama yake aliweka chini shuka alilokuwa akikunja.

"Mimi mambo ya mapanga siyajui. Lakini ule wa kulia unaishika pasi. Huu unaikaba, kana kwamba itakimbia. Na kiwiko kinakupaa."

Kumbe! Tangu siku hiyo alipiga pasi akiwa amebana kitambaa kwapani. Kiwiko kikipaa, kitambaa kinaanguka. Siku ya kwanza kilianguka mara thelathini na mbili, na mama alizitaja zote kwa sauti. Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, ilipita siku nzima bila kitambaa kugusa sakafu.

Siku yenyewe ikafika. Mwalimu hakumpa mpinzani. Alimsimamisha mbele ya wale saba awaongoze kwa kushoto, akaenda kuketi benchini kando ya mama yake Mama Pasi.

Pigo la kwanza lilikwenda vizuri, na la pili. Kwenye la nne akaona kiwiko cha bibi kimepaa. Akatazama karani, naye vilevile. Viwiko saba vilikuwa juu. Alifungua mdomo awakemee, ndipo akatambua kosa hilo wamelitoa wapi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akafumba mdomo, akalegeza vidole, akashusha kiwiko chake taratibu, na mbele yake vikashuka saba. Bega lilimwaka moto, lakini alilirudia pigo lile hadi mara ya kumi.

Mwalimu alisogea na ufunguo wa ukumbi.

"Kiwiko kilikupaa."

"Nilikiona."

"Ulikionaje, na wewe ulikuwa unatazama mbele?"

"Walinionyesha wao."

Mwalimu akamnyooshea ufunguo. Mama Pasi akautoa mkono wa kulia, kama alivyolelewa. Mwalimu akarudisha ufunguo nyuma, akangoja. Mama Pasi hakujua afanye nini, akageuka kumtazama mama yake.

"Pokea, mwanangu," mama akasema kutoka benchini. "Kwa huohuo wa kushoto."