Fuko Lipatikane

Aibu yenyewe niitoe mapema nisije nikaipamba: niliiharibu picha nzima ya ujasusi mbele ya nyanya wa msichana niliyemposa, na niliiharibu kwa silabi moja. Mpaka leo nikipita Kibokoni, mtaani kwao, na mtu akaita "Bwana Fuko!" mimi hugeuka, ingawa jina nililopewa na wazazi wangu ni Hamisi.

Ilikuwa miaka ya tisini, deki za video zishaingia majumba mengi ya Mji wa Kale. Mimi nilikuwa kijana kutoka Kwale, nikikaa kwa kaka yangu mtaa wa Buxton na kufanya kazi bandarini Kilindini ya kupiga chapa makasha ya mizigo. Shule niliiachia darasa la saba, kwa hivyo Kiingereza changu kilikuwa cha makasha: upande huu uwe juu, weka mbali na maji, chavunjika. Kwa makasha nilikuwa hodari, sijisifu. Wazee wangu walikuwa wamepeleka posa kwa kina Zuhura, na jawabu lilikuwa mikononi mwa nyanya yake, Bi Rukia, aliyemlea. Bi Rukia hakuwa amesema ndiyo wala la. Alikuwa akinitazama tu.

Nilijua jambo moja la kumfurahisha. Alipenda mno picha za jasusi mmoja wa Kizungu ambaye sisi tulimwita Bwana Glavu, kwa sababu mkono wake wa kushoto hauvuliwi glavu hata akioga (kweli, kuna mahali aoga nayo). Ile ya kwanza na ya pili alizitazama sinemani na marehemu mumewe, aliyekuwa akimfasiria sikioni. Ya tatu ilipotoka mume hayupo. Basi nikaazima kanda yake, nikaipeleka Jumapili baada ya Alasiri, nikakusudia kuiacha mlangoni niende zangu.

"Na wewe Kiingereza wakijua?" Bi Rukia akaniuliza.

Nilikuwa na neno "kidogo" hapa ulimini, limekaa tayari. Nikalimeza. "Nakijua, nyanya."

"Basi ingia, utufasirie."

Wakaniwekea kiti karibu na mlango. Bi Rukia yuko mkekani na jirani yake Bi Salma (mwanamke ambaye ulimi wake mtaa mzima wauogopa, lakini niseme haki, chai yake ya tangawizi haina mfano), na Zuhura yuko nyuma ya pazia, simwoni ila najua yuko, na mimi nasema moyoni, Hamisi, tulia, picha hizi wazijua, ya kwanza mambo yote yalikuwa mkoba wa ngozi uliojaa siri, ya pili sanduku la fidla lenye bomu, na hii ya tatu itakwenda wapi kama si huko huko?

Ikaanza. Mkubwa wa majasusi, mzee wa mvi mwenye uso wa upole, akafunga mlango wa ofisi, akawatazama watu wake mmoja mmoja, akasema maneno kwa sauti ya chini. Nililishika neno moja tu: moli. Nikalikumbuka papo hapo, kitabu cha shule, picha ya mnyama kipofu achimbaye ardhi. Fuko! Lakini mnyama atafanya nini ofisini? Nikajiona nimechanganya. Fuko si mfuko mkubwa?

"Yuwasemaje?" Bi Rukia akauliza.

"Yuwasema humu ofisini mna fuko. Lazima lipatikane kabla halijawaangamiza wote."

"Lo! Kama ule mkoba wa mwanzo."

"Kama ule. Ila hili kubwa zaidi." (Hakuna aliyesema kubwa zaidi. Hilo nililiongeza mimi.)

Tangu hapo hatukutazama picha tena, tulitafuta mzigo. Akipita mfagiaji na furushi la nguo, Bi Salma yuaruka, "Lile! Si lile?" nami najibu kwa sauti ya mwenye kujua, "Hilo bado." Akatokea msichana wa ofisini amebeba kipochi, Bi Rukia akamlaani yeye na kipochi chake. Yule mzee wa mvi, Bi Rukia akamwombea dua, maskini, fuko lataka kumwangamiza.

Mara hodi mlangoni. Alikuwa Mjomba Athumani, mtoto wa Bi Rukia, wakala wa kutoa mizigo forodhani, mtu azungumzaye na manahodha wa meli kwa Kiingereza kila siku ya Mungu. Nikasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Endelea."

"Athumani, keti na usiseme neno," Bi Rukia akamwambia. "Twafasiriwa."

Akaketi nyuma yangu, akatoa tasbihi. Tik, tik, tik. Mimi nikifasiri, tasbihi yasimama. Nikinyamaza, yaendelea. Nikajaribu kulikwepa lile neno, lakini katika picha ile hawana neno jingine, moli hapa, moli pale, nami nasema fuko lipatikane, na nyuma yangu kimya. Jasho likanitiririka mgongoni hadi shati likaganda kwenye kiti. Ningeweza kugeuka niseme, mjomba nisaidie. Sikugeuka.

Mwisho ukafika. Bwana Glavu akafungua mlango wa mkubwa wake. Mzee wa mvi ameketi, meza tupu, mikono mitupu, chini hakuna kitu. Bwana Glavu akavua glavu, mara ya kwanza katika picha zote tatu, akamwelekezea kidole, akasema: moli.

"Fuko li wapi?" Bi Salma akauliza.

"Yuwamwambia... wewe ndiye fuko."

"Mtu awe fuko?"

"Ni tusi hilo. Wazungu wakikasirika humwita mtu fuko. Yaani mkubwa, lakini ndani mtupu."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, kisha akajiziba mdomo. Bi Rukia hakucheka. "Na fuko lenyewe?"

"Pengine," nikasema, "lipo picha ya nne."

Tasbihi ikaanguka pajani.

"Hamisi, mwanangu," Mjomba Athumani akasema taratibu, "simamisha kanda. Fuko ni mnyama. Achimba chini ya nyumba za watu, juu haonekani. Wazungu humwita hivyo msaliti aliye ndani. Neno umelipata sawasawa. Ungesema tu apatikane. Umesema lipatikane, ukawatafutisha mama zako mzigo jioni nzima."

"Yule niliyemwombea dua?" Bi Rukia akauliza.

"Ndiye msaliti, mama."

"Na msichana wa kipochi?"

"Hana hatia."

Bi Rukia akanigeukia. "Ulijua au ulikisia?"

Kanda ilikuwa ikikwaruza, ningeweza kuisingizia. "Nilikisia, nyanya. Kiingereza nakijua kidogo. Hilo kidogo sikulisema."

Bi Rukia akaitoa kanda katika deki. "Marehemu akifika pahali hajui alikuwa akiniambia, 'Hapa, Rukia, sijui.' Nasi tukangoja pamoja. Chukua kanda yako, mwanangu."

Siku zilizofuata nilipiga chapa makasha juu chini. Nilijua posa imekwisha. Kisha Mjomba Athumani akanijia kazini, uso mkavu, akasema, "Mama ametoa jawabu. Fuko apatikane."

Nilimwomba arudie, nisikie vizuri ile silabi ya mbele.

"A-patikane. Aje Jumapili na wazee wake. Na kanda alete, aifasiri upya."

Niliifasiri upya, na "hapa sijui" ikawa nyingi kuliko tafsiri yenyewe, mpaka Bi Salma akauliza, "Huyu leo ajua nini?" na Bi Rukia akamjibu, "Nyamaza, twangoja naye."

Na kwa haki ya picha niliyoiharibu: ya kwanza bado ndiyo bora, kwa vile hujui kitu mpaka mwisho. Ya pili ina mbio nyingi na akili chache. Hii ya tatu yaipita ya pili kwa mbali, kwani hatari haimo mkobani wala sandukuni, imeketi mezani na uso wa upole. Mimi niliitazama mara mbili ndipo nikaiona.

Tangu siku ile nimeapa: nikiulizwa kama najua kitu, "kidogo" hutangulia kutoka. Ya nne ilipotoka niliitazama na mke wangu. Alinisogelea akaninong'oneza, "Haya, Bwana Fuko, yuwasemaje?"

"Hapa, Zuhura, sijui," nikamwambia. Tukangoja.