Chai Isiyo na Sukari

Muuguzi wa kliniki ya sukari huongea polepole, kama anayebembeleza mtoto alale. Anakuwekea kiganja chenye joto chini ya mbavu za kulia. "Ini lako liko hapa, mama. Nalo ni kama bibi, halitupi kitu. Sukari ikizidi, ghala likajaa, linaigeuza mafuta, linakutunzia kiunoni kwa njaa isiyokuja." Sisi wagonjwa wake tunacheka, tukijishika viuno.

Mchana yeye hukaa dirishani na chai isiyo na sukari, anaikoroga na kuikoroga, macho yakiwa mbali.

"Dada, unakoroga nini na humo hamna kitu?" nilimuuliza leo.

Kijiko hakikusimama. "Marehemu mama ndiye aliyekuwa akinitilia sukari. Nakoroga mpaka nimsikie akisema, 'Inatosha, mwanangu.'"