Alichosema Kengele

Miezi minane mfululizo, fundi sauti wa kiwanda cha kuponda mawe alishinda akisikiliza watu wanaozungumza kama waliofunikwa blanketi. Nyumbani wanawe walimtania kwa jina la Mama Hee, maana kila jambo ilibidi aambiwe mara tatu.

Kule kwenye mashine kelele hazina mfano. Ndiyo maana wafanyakazi huvaa maiki ya mfupa, inayobanwa nyuma ya taya ikanasa mtikisiko wa fuvu. Kelele haziingii, sawa, lakini "s", "sh" na "f" nazo zinamezwa. Kazi ya fundi ilikuwa kuifundisha kompyuta kuzirudisha. Kila mtu alivaa maiki mbili, ya mfupa na ya kawaida, akasoma sentensi mia tatu ili kompyuta ilinganishe.

Mtu wa arobaini alikuja kwa magongo. Walimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Mwaka uliopita dereva wa winchi alimteremshia jiwe mguuni, na ripoti ikaandika kwamba Kengele mwenyewe ndiye aliyesema "shusha".

"Dada, mimi nilisema usishushe," alianza hata kabla ya kuketi. "Si mnasafisha sauti hapa? Nisafishie na sauti yangu ya siku ile."

Kila kinachosemwa kwenye maiki za kazini hurekodiwa, kwa hiyo fundi akaitafuta rekodi ya siku ile, akaipitisha kwenye kompyuta. Ikatoka wazi: "Usishushe!"

Kengele akafunika uso kwa viganja.

Fundi alihisi uchovu hadi kwenye kucha. "Kaka, pole. Hii haiwezi kuwa ushahidi. Kompyuta inajaza mapengo kwa kubahatisha."

"Basi nimekwisha."

Fundi akairudia rekodi chafu, ile isiyoguswa, akaisikiliza amefumba macho, mara saba, mara nane. Hakukuwa na "s" wala "sh". Irabu, lakini, zilikuwepo zote: u, i, u, e. Nne. "Shusha" ina mbili tu, tena inaishia na a.

"Ulisema," akamwambia.

"Nilijua. Nilitaka na mwingine ajue."

Baada ya wiki mbili ripoti ilirekebishwa, mstari mmoja tu. Mguu haukurekebishika. Asubuhi iliyofuata Kengele alikuja kusoma sentensi zake. Fundi akasugua masikio, akavaa visikizio, akamwambia aanze taratibu.