Uvundo wa Gari la Baba

Juzi mjini Jinja nilimwona kijana akianika mazulia ya gari juani, kisha akaweka beseni la makaa chini ya viti ili yanyonye uvundo. Nikamkumbuka baba.

Wakati wa vita alikuwa amelificha gari lake ghalani, chini ya magunia. Mapigano yalipotulia alilitoa atupeleke Mbale kwa bibi. Viti vilikuwa vimeota ukungu, vikinuka kama nguo zilizokunjwa mbichi. Mama alivinyunyizia maji ya karafuu, harufu ikazidi kuwa mbaya.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alichungulia ndani, akakunja pua.

"Nini nanuka hapa? Mzee, toka! Mama na mtoto, kaa ndani. Hapana fungua dirisha."

"Sawa, afande," mama akajibu.

Walimpeleka baba nyuma ya kibanda. Tulibaki tumefungiwa kwenye joto, jasho likinitiririka, uvundo ukinikaba koo, mama akisoma dua kwa kunong'ona. Niliamini baba amekamatwa kwa sababu gari letu linanuka. Leo najua walimhoji kuhusu kaka yake, aliyekuwa mwanajeshi wa upande ulioshindwa.

Alirudi jua likielekea kutua, shati limechanika, akaendesha mpaka Mbale.

Asubuhi mama alinikuta ndani ya gari nikisugua viti kwa sabuni.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Nalisafisha, mama, wasimchukue baba tena."

Mama hakunisahihisha. Alichovya kitambaa kingine kwenye ndoo, akaingia, akaanza kusugua kiti cha dereva.