Harusi ya Inspekta Mbaruku

Mwanamkasi alikuwa fundi cherehani, lakini pale Bagamoyo wengi walimjua kwa hadithi zake za mapenzi. Kwa miaka sita alizituma kwenye kundi la WhatsApp, sehemu moja kila Ijumaa, na wanawake kutoka Mlingotini hadi Dar walimsumbua kwa ujumbe wakitaka kujua nani ataolewa na nani. Kazi yake aliijua: wapi awagombanishe wapenzi, wapi amlete mama mkwe, wapi akate ili msomaji abaki roho juu.

Yote hayo alimfundisha Wahida, binti aliyekuja kwake kujifunza kushona. Mwaka jana Wahida akafungua kundi lake mwenyewe. Hakuandika mapenzi, aliandika upelelezi. Inspekta Mbaruku, mseja, mkavu wa maneno, anatumwa Saadani kuchunguza kifo cha mchuuzi wa samaki wakavu. Baadaye akachanganya na majini, hata msomaji asijue kama muuaji ni mtu au si mtu. Kufika Ramadhani wasomaji wa Mwanamkasi walikuwa wanajitoa kundini mmoja mmoja, na kila aliyetoka, Mwanamkasi alijua kaenda wapi.

Kila mteja aliyekuja kupimwa aliambiwa kwamba upelelezi si hadithi, ni kitendawili tu. Ukishajua nani kaua umemaliza. Usoni Mwanamkasi alicheka, moyoni kulikuwa kunawaka. Alizisoma sehemu zote za Wahida akitafuta kosa, na alipolikosa alikasirika zaidi.

Lililomchoma hasa lilitoka kwa mama yake. Bi Mosi macho yalikuwa yameshakwenda, na kila siku baada ya sala ya alasiri Mwanamkasi alimsomea hadithi zake. Siku moja mama akamkatiza katikati ya posa.

"Mwanangu, hii yako tutaimalizia kesho. Nisomee ile ya inspekta, majirani wote wanaizungumza."

Akamsomea. Akamwona mama yake anaacha kutafuna tambuu, kinywa wazi, na hadithi zake yeye hazijawahi kumfanya hivyo. Siku ya nne hakustahimili tena. Alipofika mahali inspekta anamhoji mjane wa marehemu, akaacha yaliyoandikwa akaanza kutunga. Inspekta akampenda mjane. Majini yakafukuzwa yote kwa kisomo kimoja. Muuaji akasahauliwa kabisa. Baada ya wiki akawaozesha, na Mbaruku akalia mbele ya shehe kwa sababu hakuwa na hata ndugu mmoja wa kusimama naye. Bi Mosi akafuta macho kwa upindo wa kanga. Siku hiyo Mwanamkasi alijiona mshindi.

Jumapili Wahida akaja kuwaamkia. Alimpa Bi Mosi shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajakaa vizuri bibi akamshika mkono, akamsifu kwa ile harusi, akaisimulia yote mpaka kwenye machozi. Kwenye cherehani, mguu wa Mwanamkasi ulisimama.

Wahida alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama mwalimu wake, naye Mwanamkasi akangoja kuumbuliwa.

"Ahsante, Bi Mosi," Wahida akasema. "Ile ilinipa tabu kuiandika."

Sehemu mpya ya Wahida ilipotoka, harusi ilikuwamo: mjane, shehe, bwana harusi asiye na ndugu. Wasomaji wakasema hawajapata kusoma kitu kama kile. Mwanamkasi alizipitia sifa hizo moja baada ya nyingine. Zilikuwa zake, na hakuna hata moja aliyoweza kuidai. Akajifunga mtandio akaenda kwa Wahida.

"Umeniibia harusi," akamwambia akiwa bado mlangoni.

"Na wewe umemwacha muuaji wangu akaenda zake, da Mwanamkasi. Bi Mosi mpaka leo hajui nani kaua."

Mwanamkasi alirudi nyumbani akamweleza mama yake ukweli wote. Bi Mosi akamtaka aanze upya pale alipoharibu, na safari hii asiongeze wala asipunguze.

Ilichukua alasiri tano. Walipofika kwenye harusi, bibi akasema taratibu, "Hapa ni wewe."

Mwanamkasi akaitikia, akaendelea kusoma. Sehemu iliyofuata, mjane akiwa bado na hina mikononi, inspekta anakuta kisu kilichomuua marehemu ndani ya sanduku la nguo za mkewe huyo. Mwanamkasi alitua kidogo kuvuta pumzi. Yeye asingeliwaza hilo hata kwa miaka kumi, na wivu ukamkaba upya, huku mama yake akimhimiza asome.